Kisu Kinachocheza

Kilianza Jumanne, nikikata jibini:
ubapa ukatikisika kushoto, kulia,
kama jino la mtoto linalotaka kutoka.
Nikakikunja, nikakikunjua,
nikakisogeza sikioni.
Ndani, kitu kikasema kli.

Wanasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.
Hawakusema lolote
juu ya mwenye kisu kikali kisichotulia.

Nikafungua droo ya jikoni.
Bisibisi ya miwani, ncha imepinda.
Bisibisi ya msalaba, nene, ya kufungulia mlango wa kanisa.
Koleo. Kibanio cha nyusi.
Spana nne za baiskeli tuliyoiuza
mwaka ule Rémy alipovunjika nyonga.
Nikajaribu hata ncha ya kisu kingine;
kikateleza, kikaniandikia mstari mwekundu
kwenye dole gumba, kama mwalimu aliyekuta kosa.

Duka la vifaa liko chini kabisa, karibu na mto Durolle,
na Thiers ni mji uliobandikwa mlimani:
anayetaka bisibisi hushuka,
anayetaka kitanda chake hupanda.
Kijana wa kaunta, Lilian, akanipangia
nyota za ncha sita, saizi nane,
ya kwanza ndogo kama punje ya ufuta.
"Mojawapo itaingia, mama."
Euro kumi na tisa.

Hakuna iliyoingia.
Nilikuwa sijaangalia. Kichwa cha ile niliyoiita skrubu
hakikuwa na nyota, wala msalaba, wala mkato:
laini, mviringo, kama njegere.
Miaka sitini na tatu katika mji wa visu,
nami natafuta mlango kwenye ukuta.

Babu yangu alinoa visu akiwa amelala kifudifudi
juu ya ubao, jiwe likizunguka chini ya uso wake,
maji ya mto yakimrukia kifuani,
na mbwa amemlalia miguuni kumpasha moto.
Wanoaji wote walikuwa hivyo, kila mtu na mbwa wake.
Alinifundisha kuwaita mbwa kwa mluzi.
Visu hakunifundisha.
Visu, alisema, ni mambo ya wavulana.

Aliyenifumbua macho ni Bi Chassaigne wa ghorofa ya pili,
miaka arobaini mwunganishaji kiwandani,
anayechemsha kabichi hadi ngazi zote zinanuka,
ambaye sikuwahi kumsalimu zaidi ya lazima.
Akakipapasa kisu, miwani hakuvaa.
"Hii haizungushwi. Hii ni ribiti.
Hugongwa."

Akafungua kopo la biskuti.
Akatoa nyundo, ungedhani ya kuvunjia mayai,
mpini umelika pale kidole kilipokaa,
na kipande cha reli, ndiyo fuawe yake.
Akachana karatasi ya sigara, akaichomeka
kati ya ubapa na shaba.
"Hapo pa kupumulia."
Kisha ti.
Ti. Ti.
Ukingoni mwa ribiti, kamwe si katikati,
akiizunguka kama anayezunguka kitanda cha mgonjwa.
Akajaribu: kimekaza mno, kimegoma.
Tone la mafuta. Funga, fungua, mara thelathini,
mimi nikihesabu kwa sauti kama mtoto wa shule,
na karatasi ikitoka vipande vipande, myeusi.

Nikakisogeza sikioni.
Kimya.

Nikamuuliza nimlipe nini.
Nimletee karatasi za sigara, akasema,
ile ilikuwa ya mwisho, na yeye havuti.

Bisibisi nane bado ziko kwenye boksi.
Lilian hazipokei: nimeshachana nailoni.

Jana nikampelekea karatasi zake.
Akanifungulia mlango, karoti mkono huu,
kisu chake mwenyewe mkono huu,
akarudi mezani kumenya,
nami nikasikia, wazi kabisa,
kli.

Tukatazamana.
Akafuta mikono kwenye aproni,
akalisukuma kopo la biskuti
upande wangu wa meza.